Sanduku Lililopiga Ukelele Mbele ya Wakwe

Kipalapala, Tabora
Julai 1957

Kwa Bi Mwamvita wa gazetini,

Shikamoo mama. Kalamu hii nimeishika mara nyingi nikaiweka, na leo nimeona niandike kabla moyo haujanirudisha nyuma, maana mdogo wangu yuko karibu kukosa ndoa yake kwa ajili ya sauti yangu, nami sijui kama niimbe au ninyamaze moja kwa moja, na majina yetu wala usiyafiche, kwa kuwa huku kwetu jambo hili wanalijua hadi wachunga ng'ombe.

Mimi naitwa Leonia, binti wa Mzee Raymundi, mkulima wa hapa, na mume wangu ni Dionis, mpiga gitaa, mwenye bendi ndogo inayopiga kwenye harusi na sikukuu, yeye na gitaa lake, Limbu na ngoma zake, na mimi ninayeimba. Mama yetu, Marcelina, alikuwa mwimbaji ambaye hadi leo watu wa kanisani wakimtaja wanatikisa kichwa, naye alifariki alipomzaa Veneranda, mimi nikiwa msichana wa kutosha kubeba mtoto mgongoni, kwa hiyo mdogo wangu nimemlea mimi na kumbembeleza mimi, na sasa ameposwa na kijana wa Puge anaitwa Alois, kijana mpole, mchapakazi, na Veneranda mwenyewe anampenda mpaka anasahau chumvi kwenye mboga.

Sasa bendi yetu shida yake ilikuwa hatusikiki, watu wakishakunywa na kucheka sauti yangu inazama, wa nyuma wanaona mdomo tu unafunguka, ndipo Dionis akaenda mjini kwa mwenye duka mmoja wa vitambaa na redio, akakuta kuna mashine ya kukuza sauti, ina vitaa vya kioo ndani vinavyowaka wekundu kama makaa, inaendeshwa kwa betri ya gari, na vyombo vya kutolea sauti viko namna mbili, sanduku la mbao lenye kitambaa mbele, na tarumbeta la bati kama lile lililo juu ya gari la sinema la serikali. Mwenye duka ni mtu mwema, alisema tuzichukue zote mbili tukajaribu, halafu baada ya harusi ya Veneranda tubaki na moja na nyingine tumrudishie.

Siku ya kulijaribu sanduku, mwenye duka aliliweka nje barazani pa duka lake kwa waya mrefu, mimi nikabaki ndani kando ya majora ya kitambaa nimeshika maikrofoni, chuma chake baridi, Dionis akanikonyeza niimbe chochote, nami kwa aibu, kwa kuwa dukani mlikuwa na watu, nikauimba polepole ule wimbo wa kubembeleza mtoto. Bi Mwamvita, nilimsikia mama. Sisemi nilisikia sauti inayofanana na yake, nasema mama alikuwa nje barazani anaimba, na ile pumzi yake anayoivuta kabla ya mstari wa mwisho, na ule mkwaruzo mdogo wa mtu aliyetoka kupuliza moto jikoni, nikaacha kuimba naye akaacha, nikaanza naye akaanza, nikaiweka maikrofoni juu ya majora nikatoka nje nimtazame. Hapakuwa na mtu ila sanduku, na wapita njia wamesimama na mizigo yao kichwani, hata mwenye baiskeli alikuwa ameshuka. Nililia njia nzima nyuma ya baiskeli ya Dionis, naye akadhani ni furaha, na kweli furaha ilikuwemo, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko furaha, kwa sababu sikujua kama kitu kama kile kinaruhusiwa duniani.

Ikafika siku wakwe wa Puge walipoleta mahari. Veneranda hakuwepo, alikuwa amepelekwa kwa shangazi yetu Ipole, maana kwetu mchumba haonekani siku ile. Na kwetu, mama, wewe wa mjini labda huoni tena, watu wanakaa duara na mwimbaji yuko katikati, hasimami mahali pamoja, anazunguka akiimba, anafika mbele ya kila upande, ili pasiwe na mgeni aliyepewa mgongo moja kwa moja, na kumpa mkwe mgongo ndiyo dharau kubwa kuliko zote. Basi tukaliweka sanduku katikati juu ya kinu kilichopinduliwa, na Dionis kwa heshima akalielekeza mdomo wake kwa wakwe ili wao ndio wasikie vizuri zaidi.

Nikaanza upande wa kwetu. Mama, ungeziona nyuso zile! Baba alivua kofia. Majirani waliomjua mama wakaanza kushikana mikono, na bibi mmoja akasema kwa sauti, "Huyo Marcelina! Jamani, Marcelina huyo!" na wanawake wakaangua kilio ambacho hakikuwa cha huzuni, nami nikaendelea kuimba, kwa kuwa sasa nilijua sikuwa nimeota kule dukani, na wao wamemsikia. Nikazunguka na maikrofoni yangu mkononi, nikafika mbele ya wakwe, nikafungua mdomo, na sanduku likapiga ukelele. Ukelele, Bi Mwamvita, wa kupasua masikio, watoto wakakimbia, mbuzi akakata kamba. Nikarudi upande wa kwetu, kimya, sauti ya mama ikarudi tamu kama mwanzo. Nikajikaza nikaenda tena kwa wakwe, ukelele tena, nikarudi, utamu, nikaenda, ukelele, mpaka Dionis akang'oa waya.

Ndipo akasimama Bi Eustadia, shangazi wa bwana harusi, mwanamke anayeheshimiwa sana kwao, akasema, "Jamani, mmesikia wenyewe. Mama wa binti amewaimbia watu wake vizuri, akitujia sisi anapiga ukelele. Marehemu anatukataa. Mimi sitampeleka mwanangu mahali alipokataliwa na mkwe wake aliye kaburini." Wakaondoka bila kula. Ng'ombe wako zizini kwetu, lakini neno lililoletwa ni kwamba hakuna harusi mpaka ijulikane mama anataka nini.

Dionis yeye anasema sanduku ni bovu, turudishe, tubaki na tarumbeta, linasikika hadi barabara kuu, watu watajua kuna bendi, na zaidi ya hapo kwenye tarumbeta hakuna atakayesema ni Marcelina, na hilo ni kweli, tulilijaribu, sauti yangu ilitoka puani kama ya yule bwana anayeita watu waje kwenye sinema. Nimemkubalia kwa mdomo. Lakini moyoni naona tukilirudisha lile sanduku nitakuwa nimemzika mama mara ya pili kwa mikono yangu, halafu upande wa pili najiambia, kama kweli ni yeye aliyekataa, mimi ni nani wa kuimba juu ya katazo la mama yangu? Mume wangu sijamwambia nilichokisikia dukani, padre sijathubutu, baba hazungumzi, anakwenda shambani anarudi, na Veneranda amerudi kutoka Ipole, ananifuata jikoni ananiuliza, "Dada, nimemkosea nini mama? Mbona hata hakuwahi kunijua?" nami nageuka nakoroga ugali ambao umeshaiva.

Niambie nifanye nini, mama yangu. Ukisema ninyamaze nitanyamaza.

Ni mimi mwanao,
Leonia

*

Marahaba, Leonia.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama mlangoni, nikaketi. Nimejibu barua nyingi za watu wa mji huu na wa njia yote hii hadi Ujiji, za waume, za wake wenza, za mashamba, lakini ya mtu aliyetoka nje kumtazama mama yake barazani akakuta sanduku, hiyo ni ya kwanza, na sitajifanya haikunigusa.

Baada ya hapo nikakasirika. Mwanamke mzima, unasimama kuimba mbele ya vijiji viwili, halafu jambo zito namna hii unamficha mume unayepanda baiskeli yake, unamficha baba yako ambaye alivua kofia mbele ya macho yako, unakuja kumwambia mwanamke wa gazetini usiyemjua sura! Dionis analiita sanduku bovu kwa sababu hujamwambia lilichokupa. Angejua, unadhani angeshika tarumbeta? Mwambie leo, kabla hujalikunja gazeti hili.

Sasa tuje kwa ukelele. Mama yako hayumo, na Bi Eustadia naye usimcheke, maana sisi wa mjini tulikuwa hivyohivyo. Mwaka wa kwanza kipaza sauti kilipoletwa kwenye maulidi yetu, kilipiga ukelele katikati ya kaswida, na Mzee Lukumani, mtu mzima na kilemba chake, akaruka dirishani akidhani tumechokoza majini. Fundi alipokuja alicheka mpaka akashika ukuta. Hakufungua hata parafujo moja. Alilitoa lile sanduku nje, akaligeuzia mdomo uani, sisi tukabaki ndani na maikrofoni, na tangu siku ile halijatuaibisha.

Nikamuuliza, nikaelewa hivi. Unajua watu wawili wa kwenu wanavyosalimiana njiani, huyu anauliza habari za nyumbani, yule anajibu na kuuliza za ng'ombe, huyu anajibu na kuuliza za mvua, na hakuna anayekubali kuwa wa mwisho? Maikrofoni ikisimama mbele ya mdomo wa sanduku, inasikia linachosema, inaipelekea mashine, mashine inakuza inalipa sanduku, sanduku linasema kwa nguvu zaidi, maikrofoni inasikia tena, na hakuna wa kuwakatiza. Ukelele ndio huo. Kule dukani mlikuwa na ukuta kati yenu, ndiyo maana ulisikia utamu peke yake. Uani kwa baba yako, Dionis kawaelekezea wakwe mdomo wa sanduku kwa heshima, na wewe kwa heshima ukaenda kusimama mbele yao, yaani katikati ya mdomo ule. Mngekuwa watu wa kuwadharau wakwe, mkawapa mgongo, wasingesikia ukelele hata mmoja. Kilichowapigia kelele ni adabu yenu wenyewe, na ningekuwa mimi Bi Eustadia ningefurahi kuingia kwenye ukoo wa namna hiyo.

Basi fanya ninavyokuambia. Tarumbeta lirudi dukani. Lile ni la kuita watu walio mbali, na harusi si ya walio mbali, ni ya waliokuja. Atakayepita barabara kuu apite salama.

Siku ya harusi duara liacheni. Najua ni la wazee wenu, na najua sababu yake umeieleza vizuri, kwa hiyo tuitunze sababu. Bendi isimame na migongo yake kwenye ukuta wa nyumba ya Mzee Raymundi, wageni wote wakae mbele yenu, wakwe viti vya kwanza. Nyuma yako patakuwa na ukuta tu, na ukuta si mkwe wa mtu. Maikrofoni usiishike mkononi na kuzungukazunguka nayo, Limbu akuchongee mti wa kuisimamishia, ifike kidevuni, na ibaki hapo. Sanduku litangulie mbele yako, kando, hatua za kutosha, juu ya meza iliyoinuliwa ili lipite vichwa vya waliokaa, mdomo kwa watu, mgongo wake kwako. Wewe uisogelee maikrofoni kiasi cha kiganja, Dionis asimame karibu nawe na gitaa lake ili liingie humohumo, na Limbu na ngoma zake akae mbali, tena mbali kabisa, ngoma haijawahi kuhitaji msaada wa betri. Kile kitasa cha sauti msikizungushe mpaka mwisho kwa kujionyesha. Kizungusheni mpaka ukelele uanze kunong'ona, kisha mkirudishe nyuma kidogo. Betri ijazwe mjini siku ya kuamkia harusi, na mashine iwashwe mapema, vitaa vyake vipate moto kabla hujafungua mdomo.

Lakini kabla ya harusi kuna Puge. Usiende wewe, na Dionis asiende kubishana. Aende mshenga aliyewaleta kwenu mwanzo, amwombe Bi Eustadia aje kwenu kama mgeni wa heshima, apikiwe kuku, ale kile chakula alichokikimbia. Akishakula, liwekeni sanduku kama siku ile, mdomo wake muuelekeze upande wa kwenu, na maikrofoni mpeni yeye mwenyewe ashike. Aseme neno lolote, jina lake tu, akiwa nyuma ya sanduku. Kisha atembee nayo mpaka mbele ya baba yako. Litampigia ukelele baba yako, tena mkononi mwa Bi Eustadia wa Puge. Msimwambie kitu, msicheke, mwacheni arudie mara nyingi anavyotaka. Mtu aliyesema maneno mazito mbele za watu anahitaji nafasi ya kuyarudisha bila kusukumwa.

Nimebakiza lile lililokutoa dukani mbio, na hapa mimi mwenyewe nakwenda polepole. Sauti yako, Leonia, miaka yote umeisikia kutokea ndani ya kichwa chako, na ya ndani haifanani na wanayoisikia wengine. Siku ile kwa mara ya kwanza ilitoka, ikaenda nje barazani, ukaisikia kama anavyoisikia mpita njia. Na uliyoisikia ni yako, pumzi ni yako na mkwaruzo ni wako. Sauti ile mama yako alikuachia, umeivaa mwilini, umetembea nayo sokoni, umeimba nayo kanisani, na baba yako ameisikia ikiomba chumvi mezani kila siku akanyamaza. Mimi ni mwanamke wa kusali, sina maneno ya kitaalamu juu ya hili. Nasema tu Mungu ni mkubwa, na kwamba hutendi dhambi yoyote ukiimba.

Sasa nisikilize kwa makini, maana umeandika kitu kikubwa kuliko vyote bila kukiona. Wewe umemsikia mama yako kule dukani. Baba yako amemsikia. Majirani wamemsikia wakalia, wapita njia wa mjini wamemsikia, hata Bi Eustadia ambaye hakumjua ametoka Puge akamsikia. Veneranda alikuwa Ipole. Mtoto yule tangu azaliwe hajaisikia sauti ya mama yake hata mara moja, anadhani amemkosea mtu asiyemjua, na ninyi mko kwenu mnashauriana mlirudishe sanduku.

Siku ya harusi viti vya bibi harusi na bwana harusi viwekeni mbele ya sanduku, si mbele yako. Baba yenu akae upande wa pili wa Veneranda. Mwambie Dionis asianze na nyimbo zake za kuchezea, aache gitaa chini, Limbu naye atulie. Uanze na ule wa kubembeleza mtoto, kwa sauti ileile ndogo ya aibu uliyoiimba kando ya majora. Veneranda usimwambie lolote kabla. Wewe imba mpaka mwisho, na usitazame upande wao, kwa sababu ukitazama hutamaliza.

Baba yenu atakuwa amekaa pale karibu naye. Yeye ndiye atakayemwambia huyo ni nani.

Bi Mwamvita
Tabora